Madoa ya Jumatatu

Weldon alipopiga simu nilidhani anataka kitu. Huyo mtu hanipigii bure, na mimi tangu zamani ni mtu wa kushuku kwanza na kusalimia baadaye. Nikaiacha simu ilie mpaka ikanyamaza. Ilipolia tena nikapokea kwa sauti ya mtu aliye mbioni. "Awuor," akasema, "Kogo ametuacha." Sikuuliza Kogo yupi. Wakipsigis humwita hivyo kila nyanya, lakini kwangu mimi, mtu wa kutoka upande wa ziwa, Kogo alikuwa mmoja tu: mama yake Daktari Kirui, yule bibi mrefu aliyekuwa akipika katika nyumba tuliyofanyia kazi ya rangi mwaka ule. Weldon akasema mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwao Ndanai, na kwamba Daktari ameuliza kama nitafika. "Ameuliza kwa wema ama kwa ubaya?" nikamwuliza. Weldon akacheka, ingawa alikuwa ametoka kulia. "Wewe bado uko hivyo tu," akasema. Ni kweli, bado niko hivyo tu. Nilikata simu nikaenda kwenye sanduku langu la nguo, nikachakura hadi chini kabisa, nikatoa shali moja ya pamba ya rangi ya kahawia, yenye madoa meusi-meusi kama ya mvua inayoanza kunyesha juu ya vumbi. Sijawahi kumweleza mtu yeyote madoa yale yalitoka wapi. Mtu mmoja alikuwa na haki ya kuelezwa, na kwa miaka hii yote nilikuwa nimemnyima kwa sababu mama yake alikuwa hai.

Nyumba yenyewe ilikuwa pembeni mwa mji wa Kericho, pale mji unapoishia na majani chai yanaanza. Zamani ilikuwa ya meneja wa shamba, nyumba ya mawe yenye paa la mabati mekundu, na kila alasiri mvua ilipopiga paa lile ilibidi tusemezane kwa ishara. Sebule ndiyo iliyokuwa maabara. Mahali ambapo meneja alikuwa akiota moto tuliweka majiko ya gesi na sufuria kubwa, na bafu la kuogea, lile refu la kizungu lenye miguu ya chuma, ndilo tulilolowekea nyuzi. Dirisha la upande wa kaskazini halikuwa na pazia, kwa maana Daktari alisema rangi haisomwi chini ya balbu. Kulikuwa na mashine ya kupimia rangi, ghali, iliyofunikwa kwa kitambaa, lakini yeye aliamini dirisha kuliko mashine. Jikoni palibaki jikoni, na hapo Kogo ndiye aliyetawala. Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyakula, enzi za meneja, ambacho mtu alikipigilia mbao nyembamba. Mbao ile ilizuia macho, si maneno. Kilichosemwa maabara kilisikika jikoni, na kilichosemwa jikoni kilisikika maabara, na nadhani mimi peke yangu ndiye niliyefikiria jambo hilo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na tabia ya kusikiliza.

Kazi yetu ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kufanya. Viwanda vya chai hutupa vumbi na nyuzinyuzi nyingi ambazo hakuna anayetaka kuzinywa. Daktari, ambaye alikuwa amesomea kemia ya nguo ng'ambo, alitaka takataka ile itoe rangi ya kutia kwenye nyuzi za pamba, rangi isiyochuja kwa sabuni wala kupauka juani, ili kikundi cha akina mama wafumaji kule Sigor wafume shali na mashuka ya kuuza. Wafadhili walitupa mwaka mmoja. Akina mama wale hawakutaka rangi nzuri tu; walitaka rangi ile ile kila wiki, kwa sababu huwezi kufuma shuka moja kwa kahawia za aina nne. Kila mmoja wetu alijaribu njia yake. Daktari alishikisha rangi kwa chuma, na nyuzi zake zikatoka kijivu kizito kama wingu. Weldon, mpwa wake, kijana wa Sigor aliyekulia mjini, mwenye mzaha mwingi, alitumia shabu, ile chumvi nyeupe ya kusafishia maji. Mimi, niliyekuwa nimemaliza stashahada ya nguo muda mfupi tu kabla ya hapo, nilipewa njia ya mwisho: chai tupu, bila madini yoyote, ile ambayo mama yeyote angeweza kuifanya kwake bila kununua kitu. Ndiyo iliyokuwa inangojewa Sigor. Na nilijua wazi kwamba ikinishinda nitarudi nyumbani, maana nafasi ile ilikuwa ya majaribio na wapwa wa Daktari walikuwa bado hawajaisha.

Jumamosi tulichemsha pamba mpya kwa magadi na sabuni, tukaisuuza na kuianika kwenye varanda ya nyuma, chini ya paa. Kulikuwa na kamba tatu. Ya Daktari ilikuwa ya kwanza, karibu na mlango wa jikoni. Ya Weldon ilifuata. Yangu ilikuwa ya mwisho, kule kwenye upepo. Jumapili watu walikwenda kanisani na nyuzi zikakauka. Jumatatu asubuhi kila mtu alichukua mashada yake akayatia kwenye rangi. Wiki ya kwanza, mashada ya Daktari yalitoka sawasawa, ya Weldon yakatoka sawasawa, na yangu yakatoka na madoa. Kahawia ilikuwa nzuri, laini, ya kupendeza, lakini ndani yake mlikuwa na vitone vyeusi vilivyotawanyika bila mpango. Daktari alilipeleka shada dirishani, akaligeuza, akanitazama. "Ulichemsha vizuri?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi chemsha vizuri zaidi." Wiki iliyofuata nilichemsha mpaka vidole vyangu vikakunjamana kama vya mzee, na Jumatatu madoa yakarudi. Wiki ya tatu vilevile, na mara hii yalikuwa mengi zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kuchunguza watu. Nilianza na Weldon, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akicheka. Yeye alikuwa na ufunguo wa pili wa maabara. Nikafunga uzi mwembamba kwenye kitasa cha mlango Jumamosi jioni, mtu akifungua ukatike. Jumatatu niliukuta mzima, na nyuzi zangu zikatoka na madoa. Nikashuku maji, nikayaonja yale ya tangi na yale ya mfereji, mpaka tumbo likanisumbua. Nikashuku sufuria yangu, nikabadilishana na Weldon bila kumwambia. Yake ikatoa madoa kwangu na yangu ikatoa uzi safi kwake. Nikamshuku hata Daktari mwenyewe, kwamba anatafuta sababu ya kuniondoa amlete mtu wa kwao. Siku hizi nacheka nikikumbuka, lakini wakati ule sikucheka. Nilikuwa nikilala katika chumba cha kupanga chenye ukuta unaotoa maji, nikijiuliza ni nani aliyenichukia kiasi cha kuja kuharibu pamba.

Kogo nilimweka kwenye orodha yangu mapema, na sababu nilikuwa nazo. Siku yangu ya kwanza, chakula cha mchana, alinimiminia mursik kutoka kwenye kibuyu, yale maziwa yaliyolala na majivu ya mti, na mimi, kwa tabia yangu, niliyanusa kabla ya kunywa. Aliniona. Aliinuka, akachukua kikombe, akaniletea kingine chenye maziwa mabichi. Tangu siku hiyo Weldon na Daktari walipewa mursik na mimi nikapewa maziwa mabichi, na niliamini kabisa kwamba nilikuwa nimeandikwa kwa wino mwekundu moyoni mwake. Nikiingia jikoni aliacha kuongea. Nikitoka nilihisi macho yake mgongoni. Nilipoosha vikombe alivishika kimoja kimoja baada yangu akivitazama kwenye mwanga. Kiswahili chake kilikuwa kichache, na Kipsigis changu kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo hatukuwa na njia ya kuulizana. "Kula, mtoto," alikuwa akisema, akinisukumia ugali na mboga chungu iliyopikwa kwa maziwa. "Usiokope." Na mimi nilipoambiwa nisiogope, ndipo nilipoogopa zaidi.

Siku moja mvua ilipokatika tulikaa jikoni sisi wawili, Weldon na mimi, tukingoja chai. Kogo alikuwa nje akikamua ng'ombe wake, yule aliyekuja naye kutoka Ndanai, maana alikataa kuhamia mjini bila ng'ombe. Nilimwuliza Weldon kwa nini Daktari na mama yake huzungumza kama watu wa ofisi. Weldon akapunguza sauti. "Ni ile maneno ya suti," akasema. Akanieleza kwamba siku Daktari alipokuwa anaondoka kwenda kusoma ng'ambo, mama yake alimngoja langoni na kibuyu cha maziwa na nyasi mkononi, ambariki kama wazee walivyofanya, amnyunyizie na kumwombea safari njema. Ukoo wote ulikuwa umesimama pale. "Mjomba akaweka mkono hivi," Weldon akasema, akijikinga kifua. "Akasema, 'Mama, mimi nimeokoka. Hiyo kitu usiifanye kwangu tena, wala kwa boma yangu, wala kwa kazi yangu.' Na suti ilikuwa mpya." Nikauliza Kogo alijibu nini. "Hakujibu. Akamwaga maziwa chini ya ua, akaingia ndani." Nilimwonea huruma, lakini huruma haikunizuia kufikiri. Niliwaza kwamba mwanamke aliyenyamaza namna hiyo anaweza kunyamazia mengi.

Kisha likaja lile nililolisikia kupitia mbao. Nilikuwa jikoni nikiosha mikono, Kogo amenipa mgongo akipepeta mahindi, na upande wa pili Daktari akaanza kuongea na Weldon. Walidhani nimeenda msalani. "Huyu msichana anatuharibia," Daktari akasema. "Haiwezekani kamba moja tu, kila wiki. Kuna mtu kule kwao Kisumu amemwahidi kitu, nakwambia. Anatuchelewesha ili wao watangulie kutoa rangi hii." Weldon akasema, "Lakini mjomba, si anajaribu?" Na Daktari: "Anajaribu nini? Mimi ni mkemia. Kitu hakijiharibu chenyewe. Nampa mpaka mwisho wa mwezi. Madoa yakitokea tena, aende kwao." Maji yalikuwa yakinitiririka mikononi na sikuyafunga. Sikuwahi kuahidiwa kitu na mtu yeyote wa Kisumu, hata chai. Nilipogeuka, Kogo alikuwa ameacha kupepeta. Alikuwa akinitazama moja kwa moja, uteo mkononi, mdomo umebana. Nilisoma uso ule kama ushindi. Nilijua Daktari alikuwa amesema kwa Kiswahili kwa ajili ya Weldon, aliyekulia mjini, na kwamba Kiswahili kile mama yake alikielewa vizuri kuliko alivyokizungumza. Nikakausha mikono kwenye sketi nikatoka kwa hasira.

Jumapili iliyofuata nilivaa nguo za kanisani, nikapita pale kazini kama niliyesahau kitu, nikatoka langoni ili mlinzi anione, kisha nikazunguka kwa njia ya kwenye majani chai nikarudi kupitia uwazi wa ua. Niliingia stoo ya kuni, inayotazama varanda ya nyuma, nikakaa juu ya gunia la vumbi la chai. Niliapa kwamba yeyote nitakayemkuta nitampiga picha kwa macho yangu na kumpeleka mbele ya Daktari siku hiyohiyo. Gari la Daktari likaondoka. Weldon alikuwa ameenda kwao Sigor. Ukimya ukatanda, ila ng'ombe akicheua. Nikangoja mpaka jua likapanda juu ya paa, nikaanza kujiona mjinga. Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka na Kogo akatoka.

Hakuwa amekwenda kanisani na mwanawe; baadaye nilijua kwamba alikuwa akisingizia magoti. Alikuwa amevaa gauni lake la sherehe, na leso begani. Mkono mmoja ulishika kibuyu kidogo, mwingine fungu la nyasi mbichi. Alifika kwenye kamba ya kwanza, ya mwanawe, akasimama. Alisimama hapo kwa muda, akiitazama. Kisha akakifunika kibuyu kwa ncha ya leso, kama mtu anayeficha kitu asionekane, akapita. Kamba ya Weldon pia akaipita. Alipofika kwenye yangu alikifunua, akachovya nyasi ndani, na nikaona maziwa meupe yakidondoka. Akanyunyizia shada la kwanza, na la pili, na la tatu, taratibu, akisema maneno kwa Kipsigis. Nilikuwa tayari nimeinuka niruke nje. Nikasikia jina langu. Kipsigis changu kilikuwa cha kununulia nyanya na kuni, lakini maneno yake yalikuwa mepesi, na aliyarudia kwa kila shada mpaka nikayashika yote. Mkono wa Awuor uwe mtamu. Kazi yake ing'ae. Nyumba hii isimtapike. Ametoka mbali, hana mama hapa, lakini mimi nipo.

Nilirudi kukaa juu ya gunia lile. Nililia kwa aibu na kwa furaha, na nilijiziba mdomo kwa kanga ili asinisikie. Mambo yote yakajipanga bila kuulizwa. Maziwa yakikauka juu ya pamba nyeupe hayaonekani, na harufu yake nisingeitambua katika nyumba ambayo kila kitu kilinuka maziwa, hata mimi. Lakini pamba peke yake huinywa chai kwa uvivu. Palipo na maziwa, chai hushika kwa nguvu na kuwa nyeusi. Kila tone la baraka lilikuwa doa Jumatatu. Na Kogo, kila aliposikia kupitia mbao kwamba kazi yangu haijanyooka, alifanya alilolijua: akaongeza maziwa. Ndiyo maana madoa yalikuwa yakizidi. Hata maziwa mabichi aliyokuwa akinipa mezani, na vikombe alivyovikagua, na macho yale mgongoni, ilinibidi niyasome upya, na kila nililolisoma lilinichoma. Bibi yule hakuwa akinichunguza. Alikuwa akiniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto wake aliyeanza kutembea.

Sasa nifanye nini? Maneno matano tu kwa Daktari yangeniokoa. Nilijua pia yangefanya nini kwa Kogo. Daktari, mzee wa kanisa, angemkemea mama yake mbele yetu, kwa kazi yake na katika boma lake, mara ya pili, na safari hii mama angerudi Ndanai na ng'ombe wake na asikanyage tena. Nikanyamaza. Jumatatu nilifika kabla ya wengine, nikayaosha mashada yangu yote kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikayakamua, nikayatia kwenye rangi yakiwa na unyevu. Nilipokuwa nikiosha nilikuwa nikimwomba msamaha moyoni, maana sikujua kama baraka huondoka na maji au hubaki. Weldon alinikuta nikisuuza. "Unaosha nini tena?" akauliza. "Vumbi la barabara," nikasema. Adhuhuri mashada yalitoka kahawia moja, tulivu, bila hata kitone. Kogo alichungulia mlangoni. Alipoyaona yakining'inia alipiga makofi mara moja, akajifunika mdomo, akarudi jikoni, na siku hiyo aliniletea chai mwenyewe maabara, yenye sukari nyingi kuliko ninavyopenda. Nikainywa bila kuinusa.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliisha vizuri. Rangi yangu iliisha vizuri; wiki baada ya wiki ilitoka ileile, na akina mama wa Sigor wakaichukua. Lakini Daktari hakuwa mtu wa kusahau. Alikuwa ametoa onyo, na baada ya onyo madoa yakakoma. Kwa mkemia, hiyo ilikuwa hesabu iliyokamilika. Yaani nilikuwa nikiweza tangu mwanzo, ila sikutaka. Hakunifukuza, lakini alianza kufunga kabati la dawa na kutia ufunguo mfukoni mimi nilipoingia, na chakula cha mchana kikawa na maneno machache. Mimi nami, niliyemshuku kila mtu, nilijifunza mwaka ule jinsi inavyokuwa kukaa upande wa pili wa jicho hilo. Jumapili ya mwisho kabla mwaka haujaisha, Kogo alinyunyizia kama kawaida, na Jumatatu nikachukua mashada mawili ambayo sikuyaosha. Niliyatia kwenye rangi kama yalivyo, nikayaficha, na baadaye mama mmoja wa Sigor akanifumia shali. Siku niliyoondoka, Daktari alinipa mkono langoni. "Awuor," akasema, "mpaka leo sijui ulikuwa unatufanyia nini." Kogo alikuwa amesimama nyuma yake na leso begani. Ningeweza kusema. Nikasema, "Asante, Daktari," nikaondoka na jina bovu.

Jumamosi ile Ndanai jua lilikuwa kali na hema zilikuwa nyingi, kwa kuwa Kogo aliishi mpaka akawazika wenzake wote. Mahubiri yalikuwa marefu. Nilikaa nyuma, shali yangu mabegani ingawa kulikuwa na joto, na akina mama wa pale walinitazama kwa macho ya kuuliza huyu wa ziwa ni nani. Watu walipotawanyika kwenda kula, Daktari alinijia akiegemea fimbo. Amekuwa mzee, shingo imekonda ndani ya kola, na kofia imemkaa kubwa. "Umekuja," akasema. "Nimekuja, Daktari. Pole sana." Akaketi kwenye kiti kilicho karibu yangu. Kama nilivyojua atafanya, macho yake yalishuka kwenye shali, na mkono ukafuata, kwa maana mtu wa rangi hawezi kujizuia. Akaigeuzia kwenye mwanga.

"Hii rangi ni yangu. Ni ile chai," akasema. "Na haya ndiyo yale madoa."

"Ndiyo yenyewe. Ni maziwa, Daktari."

Nilimwona akifikiri kama zamani pale dirishani, akipanga pamba na maziwa na chai. "Inaweza," akasema polepole. "Maziwa yakikauka kwa pamba, hapo chai itashika kabisa. Lakini nani angemwaga maziwa kwa..." Aligeuka akatazama kule kwenye udongo mwekundu uliorundikwa, ambapo vijana walikuwa bado wakipanga maua. Nikamwambia yote: stoo ya kuni, gauni la sherehe, nyasi, na kwa nini sikusema. Alinisikiliza mikono yote miwili ikiwa juu ya fimbo.

"Na mimi nilikwambia vile langoni," akasema.

"Ulisema hujui."

"Kweli, sikujua. Nisamehe, Awuor." Kisha akauliza lile ambalo nilikuwa nimeliogopa njia nzima. "Kamba yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza, hapo kwa mlango. Alikuwa lazima aipite ndio afike kwako. Yangu hakuwekea?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

Mtu mwingine angemdanganya, na huenda ingekuwa heri. "Alikuwa anasimama hapo," nikasema. "Anaitazama. Halafu anafunika kibuyu na leso, anapita. Wewe ulimkataza, Daktari."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, kama anayekubali hesabu iliyofanywa sawa. Kidole gumba chake kilitafuta doa moja kwenye ncha ya shali kikatulia juu yake. Watoto walipita wakikimbizana na sahani za pilau. "Alikuwa anasema nini?" akauliza, bila kunitazama. "Akiweka yako. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimeyasikia kila Jumapili mpaka mwaka ukaisha, kwa maana baada ya ile ya kwanza sikuacha kurudi kwenye gunia lile. Daktari akavua kofia, akaiweka gotini, akainamisha kichwa. Nikamwambia maneno ya mama yake yote, kwa Kipsigis changu cha sokoni, na pale palipokuwa na jina langu nikaweka lake.